Ndugu Xing Suqin na Karatasi Iliyorudi Mkutanoni

Ndugu Xing Suqin anastaafu tarehe 31 Agosti 1990, baada ya kulitumikia jumba letu la wageni wa serikali hapa Beijing kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Hiyo miezi mitano ameidai mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliisahau, akairudisha mezani kwangu ikiwa na mstari mwekundu.

Aliajiriwa Aprili 1956 kama dobi, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Baada ya miaka sita akapandishwa kuwa mhudumu wa ghorofa ya pili, ile yenye madirisha yanayotazama bustani, na baadaye akawa msimamizi wake. Wageni wa nchi zaidi ya arobaini wamelala kwenye mashuka aliyoyatandika yeye, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba chupa yake ya maji moto imepoa.

Wenzake wa siku hizo wanaikumbuka sheria yetu: kitu cha mgeni hakipotei. Mgeni akiacha kifungo, kinamfuata. Akitupa wembe uliokwisha makali, nani ajuaye kama ametupa au umemponyoka? Unafungwa kwenye karatasi, unarudishwa. Ndugu Xing aliishika sheria hiyo kama mboni ya jicho. Mhandisi mmoja wa Romania alitupa kofia yake Beijing ikamkuta Shanghai. Akaitupa Shanghai, ikamsubiri Guangzhou.

Sasa tuje kwenye vuli ya mwaka 1978, maana pasipo hiyo wasifu huu ungekuwa nusu.

Sisi na Wamarekani tulikuwa tumekaa karibu miaka thelathini bila ubalozi, kila mmoja akimwita mwenzake adui. Hatimaye ujumbe wao mdogo ulikuja kwetu kimyakimya kuandaa maneno ya makubaliano. Mimi nilikuwa mkalimani. Siku ya nne mazungumzo yalikwama kwenye sentensi moja. Upande wetu ulitaka tarehe ya wao kuufunga ubalozi wao kule kisiwani Taiwan. Wao walikuwa tayari kutaja kila kitu isipokuwa tarehe.

Asubuhi ya siku ya tano, mwanasheria wao, Bwana Hadley, aliandika sentensi yenye tarehe, akaghairi, akaichana vipande na kuitupa kwenye kapu la chumbani. Ndugu Xing alivikuta vipande. Akavibandika kwa gundi ya unga wa ngano, akavipiga pasi, akashuka navyo hadi chumba cha mkutano. Akampa mwenyewe, kwa mikono miwili, mbele ya pande zote mbili.

Nilikuwa nimeketi karibu kabisa. Niliisoma ile tarehe kabla sijajizuia, na Bwana Hadley akaniona nikiisoma.

“Kumbe ndiyo kazi yenu, kupekua makapu yetu!” alisema, akainuka. Wenzake wakainuka naye. Baada ya robo saa masanduku yalikuwa yanashushwa na magari yameitwa.

Mkuu wa jumba wa wakati ule, Ndugu Pang, alitokwa jasho. Miaka saba ya kubembelezana ilikuwa inatoka kwa mlango wa mbele. Papo hapo likaandikwa karipio kali: uzembe na kutokuwa macho kisiasa. Ndugu Xing aliwekewa mbele, akatia saini, akaamriwa aende chumba cha boila, kule chini ya jumba, na asionekane.

Alionekana. Magari yakiwa yanawashwa, alitokea mlango wa jikoni na kifurushi mkononi.

“Xing, rudi ndani!” Ndugu Pang alifoka.

“Narudi, Mkuu. Ila mgeni anaondoka na vitu vyake viko kwangu.”

Bwana Hadley alikifungua palepale barabarani. Ndani mlikuwa na nyembe tatu butu, kipande cha penseli, bomba la dawa ya meno lililokamuliwa hadi mwisho, na soksi moja iliyotoboka kisigino, sasa imeshonwa. Soksi hiyo alikuwa ameitupa mara mbili. Aliitazama, akamtazama mama yule mwenye aproni, akaanza kucheka hadi akashikilia mlango wa gari.

“Muulize kama aliisoma ile karatasi,” aliniambia.

Nikamuuliza. “Mwambie Kichina chenyewe nasoma kwa kukwamakwama,” alisema Ndugu Xing, “sembuse hiyo michoro yake ya kuku! Na soksi ya pili yuko nayo? Hii peke yake haimfai.”

Masanduku yakapandishwa tena. Mchana ule hakuna aliyeweza kujifanya hajaiona tarehe, kwa hiyo wakaanza kuijadili. Ilisogezwa mbele kidogo, na kabla majira ya baridi hayajaisha balozi zilifunguliwa. Tulisherehekea kwa maandazi ya mvuke na karanga. Ndugu Xing hakuwepo sherehani, kwa sababu alikuwa anachochea makaa.

Karipio lile halikuondolewa kwenye faili lake. Kwa sababu ya karipio hilo alikaa kwenye boila miaka saba, mpaka mwaka 1985 alipopandishwa kufundisha wahudumu wapya. Amefundisha sitini na wawili, na wote wanamwogopa na kumpenda.

Ndugu wasomaji, aliyeandika karipio lile ni mimi. Ndugu Pang aliamuru, lakini maneno niliyachagua mimi, nikijua kwamba Ndugu Xing alifuata sheria ambayo mimi mwenyewe niliitafsiri kwenye kadi za wageni. Niliogopa wasije wakaniuliza kwa nini niliisoma ile karatasi. Baadaye nilipanda cheo, na mstari wangu mmoja ungetosha kulifuta. Sikuuandika.

Wiki iliyopita nilimfuata nikamwambia. Alikuwa anakunja aproni zake.

“Meng,” alisema, “mwandiko wako umo kwenye vibao vya funguo vya jumba hili tangu mwaka sitini na tatu. Ulidhani sikuujua nilipotia saini?”

“Mbona hukusema, Dada?”

“Nilikuwa nakungoja wewe useme.” Akaweka aproni chini. “Miaka saba sikuona bustani. Ungekuja mapema ungenipandisha juu. Leo utanipandisha wapi?”

Alinimiminia chai, tukanywa.

Jumatatu hii karipio limefutwa rasmi, na nakala ya uamuzi imeambatanishwa na programu hii ya kumuaga ili kila mtu aisome. Ndugu Xing, jumba zima linakushukuru, na tunakuombea afya, wajukuu wakorofi na siku ndefu za kupumzika. Mimi nakuomba radhi mbele ya watu wote, kwa kuwa ni mbele ya watu nilipokuacha.