Mogesi wa Kenyamonta, Aliyesema Yeye ni Nyumbu

Gloria Mogesi Machage alizaliwa tarehe 14 Aprili 1999 Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, mtoto wa pili wa Mzee Machage Waisiko na Mama Robi. Alitembea kabla ya miezi tisa, na tangu hapo hakuna aliyefaulu kumkalisha.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha sekondari Mugumu, akamaliza kidato cha nne mwaka 2016. Akili alikuwa nazo, ila kiti kilimchoma. Msimu wa nyumbu kuhama ulipofika, alisimama dirishani akitazama upande wa hifadhi mpaka mwalimu akachoka kumwita.

Mwaka 2018 aliajiriwa kufua na kutandika vitanda katika kambi ya watalii karibu na Robanda. Huko alinunua simu, na mtandaoni akakuta watu wa nchi mbalimbali wanaosema wazi kwamba ndani yao ni wanyama: mbwa mwitu, paka, kunguru. Alilia kwa furaha, maana alidhani yuko peke yake. Humo ndimo alimompata Apiyo wa Migori, ng'ambo ya mpaka, aliyejijua kuwa korongo. Wakawa mtu na dada yake.

Hakuolewa. Mwaka 2022 ilikuja posa kutoka Nyangoto. Wazee walipoanza kuongelea ng'ombe, Mogesi aliingia akasema, "Shikamooni. Kabla hamjapatana, mjue mimi ni nyumbu."

Wageni wakaangua kicheko. Upande wetu hakuna aliyecheka. Baba yake mkubwa, Mzee Marwa, akamuuliza, "Kila ukoo una mnyama wake, na wetu si nyumbu. Wewe umehamia kwa nani?"

Tuseme kweli, hilo ndilo lililomchoma Mzee Machage: aliona binti yake ameukana ukoo. Posa ikafa. Zaidi ya miaka miwili Mogesi alikuja kila mwisho wa mwezi kumsalimia baba yake, akaondoka bila kuitikiwa. Ilituuma sote, na hatukusema neno.

Januari 2025 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa Mugumu, kisha Mwanza. Akaamriwa alale tu. Mogesi, alale! Miguu haikutulia chini ya shuka. Wenzake wa mtandaoni walimtumia sauti zao kwa zamu, na Mama Robi, asiyejua Kiingereza, alizisikiliza akasema, "Hawa wanampenda mwanangu."

Mwisho wa Mei aliomba arudishwe nyumbani. Mzee Machage alikodi gari mwenyewe, akampitisha kwanza Robanda, nyumbu wakiwa wanapita. Akamshika mkono. "Mogesi, wenzako hao. Wasalimie. Waambie baba yako ni Machage." Mogesi alicheka, akajaribu kusimama.

Alifariki tarehe 9 Juni 2025. Ameacha wazazi, kaka yake Chacha, wapwa wawili, na Apiyo, aliyepo hapa leo, ambaye Mzee Machage ameagiza atajwe kama mtoto wa nyumba hii.

Kupumzika hakukupenda, wala hatutamwombea pumziko sasa. Mogesi, mwanetu, nenda kwa amani.