Ukuta wa Nyuma ya Kitanda

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Wewe fundi mwashi, kifungua mimba wangu, kaa hapo miguuni. Na wewe binti yangu, kitinda mimba, usiegemee gongo lako mlangoni kama mgeni, ingia, hata kama umeninunia, maana haki ya kununa unayo.

Sikilizeni. Duka langu la viatu lilipokosa wateja, likabaki rafu tupu na vumbi, ni huyu binti aliyesema, "Baba, tulifanye ukumbi, watoto wacheze ndani hata mvua ikinyesha." Nikamcheka. Nikamwambia, nimevalisha watu viatu maisha yangu yote, leo nianze kuwavua? Basi viatu vikavuliwa kweli. Magodoro ya kurukia yakatandikwa, meza za mpira zikapangwa palipokuwa na kaunta, na zile kelele zikanirudishia uhai.

Lakini moyo ulibaki wa muuza duka. Duka ni mlango mmoja, ili kila anayetoka apite mbele ya macho yako. Ulipoomba tutoboe mlango wa pili nyuma, mama, wewe binti yangu, nilikukatalia, kwa kuwa nyuma ya ukuta ule ndipo kilipo chumba hiki, na hapa ndipo marehemu mama yenu alipokuwa akilala. Nikasema mtatoboa nikishakufa. Siku zote nawahubiria kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe mkuu asiyesikia la mdogo humvunja mwenzake guu, yeye akabaki mzima.

Feni ilipotoa moshi, watoto wote walikimbilia mlango ule mmoja. Ulijisimika kizingitini ukawapitisha wadogo, mpaka wakubwa wakakuangusha na kukukanyaga, guu likavunjika. Hakuna mtoto aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Nami majirani walipouliza, nikasema mbele yako kwamba wewe ndiye uliyezembea. Naona haya, mwanangu, na haya hii inaniuma kuliko kifua. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja nikiwa bado nina macho ya kumwona. Nisamehe, ukiweza.

Mwiteni yule fundi umeme niliyemfukuza. Aliniambia feni imechoka, nikamwambia amechoka yeye. Mwambieni mzee amekiri, naye azikague nyaya zote.

Ukumbi ni wa binti, na asiuguse mtu. Nyumba ni ya kaka yake, isipokuwa chumba hiki. Hiki ni njia ya watoto kutokea, kisiwekwe kitanda, wala kabati, wala gunia la mkaa. Msije mkagombana kwa ajili ya vyumba. Ndugu wakigombana, anayefaidi ni jirani.

Nilisema mtatoboa nikifa. Nilikosea. Ukuta usisubiri msiba. Lete nyundo, mwanangu, nisogezeni dirishani. Usilie, fundi halii kazini. Vumbi halinitishi, pumzi yenyewe imebaki haba.

Ndiyo, hapo. Gonga.

Mungu awape umoja... awape riziki isiyo na aibu. Nipe mkono, mama. Umenipa... ahsante. Mlango ukiisha, asipite mtu kabla yako. Pita wewe kwanza, na gongo lako, polepole, pasiwe na wa kukusukuma.

Mbona umeacha? Gonga, mwanangu... gonga, bado nasikia.