Ña Librada Ortigoza Anaviaga Visima vya Dampo

Tarehe 30 Juni, mama yetu Ña Librada Ortigoza atastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na moja ya kupima maji ya chini ya ardhi kuzunguka dampo la San Olegario. Nasema rasmi, maana moyoni bado anabisha. Mara mbili ameahirisha kuondoka. Safari hii sheria imemshinda, na sijui kitu kingine wilayani hapa kilichowahi kumshinda.

Mimi Wilfrido, dereva wake na mbeba pampu, nimeombwa niandike kwa sababu eti namjua. Namjua. Mgongo wangu pia unamjua.

Alikuja akiwa msichana mwenye cheti cha kemia na viatu vipya vyeupe. Siku ya kwanza tope jekundu la dampo lilimeza kiatu cha kushoto, nacho kimo humo mpaka leo, chini ya taka za watu wote wa mji huu. Kesho yake akaja na buti za baba yake, zikimpwaya kama ndoo, akaanza kazi. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: taka zikinyeshewa hutoa majimaji machafu, majimaji hayo yakipata upenyo huzama ardhini, na watu wanaokaa upande wa mteremko huchota visimani wasichokijua. Ña Librada alilipwa ili ajue kabla yao.

Visima vyetu vya vipimo vilikuwa na namba tu. Yeye akavibatiza. Kile cha upande wa juu wa dampo, ambacho uchafu hauwezi kukifikia, alikiita Askofu, kwa kuwa hakikuwahi kukutwa na dhambi. Kile kilicho chini kabisa ya ukuta alikiita Mlevi, kwa harufu yake. Mkaguzi mmoja kutoka mji mkuu alisoma taarifa yetu isemayo kwamba Mlevi amezidi tena mwezi huu, akapiga simu kuuliza kwa nini hatujamfukuza kazi.

Uvumilivu wake visimani ulituchosha sana. Kabla ya kujaza chupa hata moja, sharti maji yote ya zamani yavutwe nje kwa pampu, mpaka yatoke mapya na vipimo vitulie. Wapita njia walikuwa wakimcheka kwamba anaosha kisima. Naye huwajibu, "Maji yaliyolala hayasemi kweli. Hata wewe ukiamka sitaki ushahidi wako kabla hujanawa uso."

Halafu kuna habari ya barafu. Nyote mnajua kwamba katika joto letu hakuna Mparagwai anayeweza kupita karibu na barafu bila kuifikiria terere yake, chai yetu ya majani inayonywewa baridi. Sanduku la sampuli lilikuwa likiondoka limejaa barafu na kufika maabara lina matone tu. Ña Librada hakugombana na mtu. Aligandisha barafu ya maji ya chumvi, akaipanga juu vizuri, akakaa akisubiri. Kesho yake, katikati ya mkutano, mkuu wetu wa idara alivuta mrija wa terere yake, uso ukamkunjamana kama chungwa la mwaka jana, na wizi ukakoma. Mkuu huyo amestaafu, ni rafiki yetu, na bado anakana.

Lakini nisipoeleza habari ya kisima cha Ña Deolinda nitakuwa nimeandika mzaha mtupu.

Ña Deolinda Sanabria anakaa chini ya ukuta wa dampo, mbele kidogo ya Mlevi. Ni komadre wa Librada, maana ndiye aliyemsimamia mtoto wa kwanza wa Librada kwenye ubatizo. Kisima cha uani kwake kilikuwa na maji baridi, matamu, na majirani wote wa mteremko ule walichota hapo kwa terere na kwa kupikia. Hata sisi tulipanga ratiba ya kazi ili saa ya kiu itukute kwake. Basi mwaka mmoja chumvi na amonia zikaanza kupanda kwa Mlevi, zikapanda tena, na mwishowe tukazikuta katika kisima cha Deolinda, zimevuka kiwango. Ukuta wa dampo ulikuwa umepata ufa chini kwa chini. Na maji yale, ukiyatazama, yalikuwa meupe pe!

Ndipo ugumu ulipoanzia. Tulibandika tangazo, Deolinda akalibandua, akazibia tundu la banda la kuku. Majirani wakasema ofisi inataka kuwahamisha. Watoto waliendelea kunywa. Ña Librada hakuwa akilala vizuri wiki ile, na alikuwa akinifokea mimi kwa makosa ya pampu.

Jumapili alikwenda kwa komadre wake bila chupa wala buti. Duara la terere lilikuwa limekaa, kikombe kimoja cha pembe kikizunguka kwa zamu. Kwetu mtu hasemi asante anapopewa. Huisema akishatosheka, na akiisema amejitoa. Deolinda alimpa mgeni kikombe cha kwanza. Librada akakipokea, akakirudisha kimejaa.

"Asante, komadre."

"Asante ya nini, na hata hujaonja?"

"Sinywi tena maji haya. Na wewe usinywe."

"Miaka yote umekunywa hapa ukijilamba midomo! Leo nimekuwa mchafu mimi?"

"Si wewe, Deo. Ni dampo, limeingia chini. Mimi ndiye niliyepima. Ningekuwa sikupendi, ningekunywa nikaenda zangu."

Deolinda alimwonyesha lango. Kisha, kwa hasira, akampa kikombe jirani yake, Karai Eligio, mzee asiyewahi kukataa kitu cha bure. Karai Eligio alikitazama, akamtazama Librada aliyesimama langoni akitokwa na machozi, akasema asante. Aliyefuata akasema asante. Kikombe kilizunguka duara zima kikarudi kwa mwenyewe kimejaa. Jioni ile kisima kilifunikwa mbao. Boza la maji lilikuja baada ya watu kuziba njia ya malori ya taka, na bomba la mtaa likafuata. Ukuta ukazibwa, na pampu zinavuta uchafu ule mpaka sasa.

Deolinda alinuna mwaka mzima. Tulipokuja kuchukua sampuli alifungua lango, akanisalimu mimi, akaisalimu na pampu, akampita komadre wake kama nguzo ya umeme. Mpaka asubuhi moja akauliza, akitazama pembeni, "Kinasemaje leo?" Tangu hapo huuliza kila mara, na kila mara Librada humjibu ukweli.

Alitaka astaafu kisima kikiwa kimetakata. Ndiyo sababu ya kuahirisha kote kule; haikuwa ukaidi, ingawa ukaidi anao wa kutosha. Mwezi huu tulipima kwa mara yake ya mwisho. Amonia imeshuka sana, lakini bado iko juu ya kiwango. Alipomwambia Deolinda, Librada alilia pale pale uani, na mimi nilijifanya ninafunga mpira wa pampu, maana sikuweza kumtazama.

"Nyamaza, komadre," Deolinda akamwambia. "Kimechafuka kwa miaka, kitatakata kwa miaka. Kazi yetu ni kutokufa haraka."

Ña Librada, tunakushukuru kwa kila chupa, na kwa watoto wa mteremko ule, ambao sasa ni watu wazima wenye afya na kelele nyingi. Askofu na Mlevi tutawatunza. Pumzika, nenepa, lala mpaka jua likuchome. Tunakutakia umri mrefu kuliko wa dampo lenyewe, kwa sababu siku maji yale yatakapofaa, komadre wako ameapa hatakunywa peke yake.