Mzee Anselmi Lugome na Bunduki Thelathini na Moja za Gwaride

Mzee Anselmi Lugome, mtunza stoo ya gwaride ya shule yetu, alistaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Tangu Januari alikuwa akiomba jambo moja tu: apatikane mtu wa kupokea kazi yake kabla hajaondoka.

Alizaliwa Lumuma mwaka 1965, akasoma shule ya misheni, kisha akajifunza useremala kwa baba yake mdogo. Alipoajiriwa alikabidhiwa bunduki arobaini za zamani za jeshi, zilizokwisha kuzibwa mitutu ili zitumike kwenye gwaride tu. Nyingi zilikuwa na kutu na vitako vilivyopasuka. Aliondoa kutu kwa mafuta ya taa na msasa laini, akachonga vitako vipya vya mninga, akavisugua kwa mafuta ya nyonyo. Mto ulio karibu na shule ulipofurika na maji kuingia stoo, alianza upya. Tisa hazikufaa tena. Thelathini na moja zilirudi kwenye mstari.

Lakini wengi walimjua kwa mikanda yake ya pamba ya kubebea bunduki. Alichekecha chokaa kwa kitambaa, akaichanganya na uji mwembamba wa muhogo na bluu kidogo ya kufulia, akaipaka mikanda mara tatu, na kila mara akaianika kivulini. Kazi hiyo ilimchukua siku nne, mlango ukiwa umefungwa. Wageni wa mahafali kutoka Kilosa mjini walidhani mikanda ilinunuliwa juzi.

Ukimwamkia ukiwa umebeba bunduki, alijibu, "Marahaba, shusha bega." Kidato cha kwanza walimwogopa. Wakifika kidato cha tatu walikuwa wakimwiga bwenini.

Shule iliandika barua tatu kwa mwajiri kumwombea mrithi. Jibu la mwisho lilisema nafasi hiyo haimo kwenye ikama ya watumishi, na kwamba Mzee Anselmi mwenyewe alikuwa akihesabiwa miaka yote kama mlinzi.

Gwaride la kumuaga lilipangwa Ijumaa ya tarehe 30 Mei. Siku mbili kabla yake alikwenda Kilosa kupeleka fomu za kustaafu. Goodhope, kiongozi wetu wa gwaride, aliomba ufunguo wa stoo kwa Mwalimu Doris, makamu mkuu wa shule. Tulitaka mzee akirudi akute kazi imekwisha, apumzike.

"Babu, mwaka huu kaa tu," Goodhope alimwambia aliporudi stoo. "Mikanda tumeshapaka."

"Mmepaka nini?"

"Rangi ya ukuta, ile iliyobaki bwenini. Ina weupe zaidi kuliko ya kwako."

Watu walicheka. Mzee Anselmi alichukua mkanda mmoja akaukunja. Rangi ilipasuka kama tope kavu, na nyuzi za pamba zikakatika pamoja nayo. Akachukua wa pili, na wa tatu. Yote ilipasuka.

"Sikuwafundisha," alisema. "Nilikuwa najifungia humu nikiogopa mtaniharibia."

Tulipiga gwaride na mikanda hiyohiyo, magamba meupe yakitudondokea mabegani. Baadaye tuliiloweka na kuisugua kwa sabuni. Ilipona minne. Goodhope alipomwomba vipimo vya mchanganyiko, mzee alichukua kalamu, akairudisha, akasema mkono wake ndio unaovijua, yeye hawezi kuviandika. Chokaa ilikuwa imekwisha, na shule ilifungwa wiki iliyofuata, kwa hiyo hakupata kutuonyesha.

Siku yake ya mwisho tulikuwa likizo. Mwalimu Doris ametueleza kwamba alifika saa moja asubuhi, akazipaka bunduki zote mafuta, akazipanga kwa namba. Kisha akajaza fomu ya makabidhiano. Mwalimu alitaka kusaini sehemu ya mpokeaji ili mambo yaishe.

"Wewe mwalimu utapokea makaratasi," mzee alimwambia kwa upole. "Mimi natafuta wa kupokea kazi."

Alikaa kwenye benchi la nje mpaka basi la Mikumi likapita, akaliacha. La pili lilipokuja saa tisa, alimpa mwalimu ufunguo, akapanda. Sehemu ya mpokeaji iko wazi hadi leo, na kwenye vitako kutu imeanza kuchungulia karibu na skrubu.

Mzee Anselmi, asante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya njema na usingizi mtulivu huko Lumuma. Tungependa kukuandikia kwamba amepatikana mtu. Hajapatikana.