Sindano Isiyoshuka

Kwenye basi, mbele yangu, mwalimu mmoja alimweleza mama fundi wa magari, mwenye grisi kwenye kucha, habari za gari lake alilolifunga turbo, ile feni ya kuongeza nguvu ya injini.

"Injini ikipata moto, nikisimama kwenye taa, sindano ya presha ya oili kwenye dashibodi inashuka. Mke wangu akiiona, hataki tena kupanda."

"Ukikanyaga mafuta inapanda?"

"Vizuri tu."

"Basi ni kawaida. Hata wewe hapo ulipokaa, moyo haukimbii."

"Lakini nimeshaweka oili nzito. Sasa sindano haishuki kabisa!"

"Hapo umemtibu mkeo, si injini. Asubuhi oili nzito inachelewa kufika, turbo inazunguka kavu mpaka inakufa."

Mimi, nisiye na hata baiskeli, nikasogeza sikio.

"Na leo gari liko wapi?" fundi akauliza.

Basi likasimama.

"Katoka nalo mke wangu alfajiri," akasema mwalimu, akishuka mbio, simu sikioni.