Jibu la Mwanakombo

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum, na habari za alasiri kwenu nyote. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mwambie mteja akuvumilie kidogo. Leo tunamkumbuka Mwanakombo Mwinjuma, mwimbaji wa taarabu wa Mtoni, Temeke. Leo ni arobaini yake. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: leo ni arobaini ya Mwanakombo, na kisomo kimesomwa asubuhi nyumbani kwao Mtoni. Mie ni Chausiku, na hapa studio nimekaa na mdogo wake wa tumbo moja, Rukaiya.

Rukaiya yuko mbele yangu. Chai tuliyomletea imepoa. Amepakata mkoba, na mkono wake haujatoka juu ya zipu tangu aingie. Ndani ya mkoba mna flashi. Ndani ya flashi mna wimbo mmoja. Nyie mnauita Jibu, ingawa hakuna kati yenu aliyewahi kuusikia. Tangazo limepita tangu Jumatatu kwamba leo utapigwa hapa, na simu ya studio imejaa ujumbe. Kuna mmoja wa Tandika anauliza kama afunge duka mapema.

Nitafika huko. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Mwanakombo alizaliwa Mtoni, akakulia Mtoni, akaolewa Mtoni. Ndoa ilipovunjika akarudi nyumba ya baba yao, si mbali na Barabara ya Kilwa. Alianza na kaswida madrasa. Kwenye taarabu aliingia kwa kuazimwa: mwimbaji wa kikundi aliumwa siku ya shughuli, wakamwomba yeye ashike nafasi, na hawakumrudisha tena. Mchana alikuwa akipaka maharusi hina na piko. Rukaiya anasema dada yake angeweza kumchora bibi harusi ua kwenye ncha ya kidole huku nje watu wanapigana, na mstari usipinde.

Jukwaani hakuwa na mbwembwe. Hakukata kiuno, hakurusha mikono. Alisimama na leso yake, akaimba, akashuka. Wenzake walibadilisha madera matatu kwa shughuli moja. Yeye alivaa moja, na hilo ndilo lililozungumzwa kesho yake. Vijana wa Temeke walimpenda kwa hilo. Mpaka leo, dereva wa bodaboda akitukanwa barabarani asijibu, wenzake wanasema, "Huyo Mwanakombo." Msichana akiachwa na mchumba, badala ya kulia akaenda zake saluni, wanasema kafanya ki-Mwanakombo. Wanamaanisha hakupaniki. Mie sijui heshima kubwa kuliko hiyo, jina lako ligeuke kuwa tabia ambayo watu wanaitamani.

Na tabia hiyo ilipata jina siku moja, kwenye harusi, Chanika.

Ni zaidi ya miaka kumi sasa. Waliitwa waimbaji wa vikundi viwili. Mwanakombo alitoka Mtoni, na Mahfudha Zahor alitoka Kigamboni. Mahfudha mnamjua, sauti ile haina haja ya kutambulishwa. Wawili hawa walikuwa wanagombea shughuli zilezile, na maneno ya chini chini yalikuwepo. Siku hiyo Mahfudha akatoa wimbo mpya. Wimbo ulimsema mwanamke asiyezaa. Hakutaja jina. Kwenye mipasho hakuna anayetaja jina, na hakuna asiyejua anasemwa nani. Mwanakombo hakujaliwa mtoto, na ndoa yake ilivunjika kwa sababu hiyo. Watu wote ukumbini wakageuza shingo kumtazama.

Rukaiya alikuwa amekaa pembeni yake.  Anasema alianza kutafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza, maana aliamini wakati wowote viti vitaruka. Mwanakombo alikuwa anakula. Akamaliza kutafuna. Akafuta vidole. Akainuka, akapita katikati ya ukumbi taratibu, akaenda mpaka mbele ya Mahfudha, akamtunza noti. Alimtunza mwanamke anayemtukana. Kisha akamweka sawa mtandio uliokuwa umemteleza begani, akarudi kitini kwake na kuomba aongezewe kachumbari.

Ukumbi ule haukuchukua watu zaidi ya mia mbili. Leo hii wanaoapa kwamba walikuwepo ukiwakusanya watajaza uwanja wa mpira.

Sasa sikilizeni ambalo hamkuliona. Walirudi Mtoni kwa Noah ya kukodi. Tangu Chanika mpaka wanashuka, Mwanakombo alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake, na aliubana hivi kwamba pete ya Rukaiya ilimwingia kwenye nyama, na kovu lipo mpaka leo. Rukaiya alikuwa analia. Dada yake hakumtazama. Alimwambia, "Usilie. Wakiona tumelia, tumewapa wimbo mwingine."

Rukaiya ni mtunzi. Wengi hamlijui hilo, lakini nyimbo nyingi alizoimba Mwanakombo zilitoka kwenye kalamu ya Rukaiya. Wiki ileile akakaa akaandika jibu. Kuna ubeti mmoja humo unagusa jambo la ndani la nyumba ya Mahfudha. Ni jambo linalomhusu mtoto wake wa pekee, Ibtisam, ambaye wakati ule alikuwa bado anasoma shule ya msingi. Jambo lenyewe sitalisema. Mwanakombo aliurekodi wimbo ule kwa Kornelio, mpiga kinanda wao, na aliuimba mara moja tu. Kornelio ameniambia hajawahi kumsikia akiimba vile, si kabla wala baadaye. Kornelio alitaka kuusambaza kesho yake. Mwanakombo akavua hedifoni akasema hautoki.

Rukaiya alidhani dada yake ameingiwa na huruma, akamuuliza kama anamwonea huruma Mahfudha.

"Wala," Mwanakombo akamjibu. "Mtu akishajibiwa, anapumua. Muache asubiri."

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo Rukaiya ameniambia leo. Wote tulimsifu kwa utulivu wake. Hatukuwahi kuuliza utulivu ule ulikuwa unamfanya nini mtu wa upande wa pili.

Mwanakombo aliugua figo, akafariki. Mahfudha hakuonekana msibani. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Rukaiya alikuwa anatoa vyombo uani akawasikia wanawake wawili, waliotoka kula chakula chake, wakisema marehemu amekwenda na fedheha yake, kwamba siku zote zile hakuwa na la kujibu. Aliweka sinia chini akaingia ndani kutafuta flashi.

Hofu ya Rukaiya ni hii: dada yake akumbukwe kama mwanamke aliyeshindwa. Lakini Ibtisam anaolewa mwezi ujao. Wimbo ukipigwa, binti yule ataingia kwa wakwe zake huku jambo lile liko kwenye kila simu ya Dar es Salaam, na yeye hakumkosea mtu. Usipopigwa, Mwanakombo ndiyo amenyamaza moja kwa moja. Rukaiya hajalala vizuri tangu tangazo lianze kupita. Ameniambia anatamani angekuwepo mtu wa kumwamulia, na mtu huyo siku zote alikuwa dada yake.

Tusajigwe, fundi mitambo wetu, ananionyesha saa. Tusikilize kinanda cha Kornelio kidogo. Tukirudi, Rukaiya atakuwa ameamua.

Tumerudi, wasikilizaji wapendwa. Tumekawia, najua. Kinanda mmekisikia mpaka mmekichoka. Ujumbe wenu nimeusoma, na yupo mmoja ameniita mwoga, naye hajakosea sana. Mtulie niwaeleze kilichotokea humu ndani.

Simu iliingia. Sauti niliifahamu kabla mwenyewe hajajitaja. Alikuwa Mahfudha, anapiga kutoka kwake Kigamboni, na redio yake niliisikia nyuma. Nimemwomba ruhusa ya kuyasema haya, na amenipa.

Nikaiweka simu spika. Rukaiya alikuwa ameshaitoa flashi, iko mezani.  Tulisikia Mahfudha anavyohema, na mie nikajua hapa sasa mvua ya matusi inashuka.

"Shikamoo, da Mahfudha," Rukaiya akasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Pole."

"Nishapoa."

"Upige," Mahfudha akasema. "Mie nimechoka."

Akaanza kueleza, na alieleza bila kupumzika, kama mtu aliyejizuia muda mrefu. Alisema tangu siku ya Chanika hajawahi kuimba shughuli yoyote bila jicho moja kuwa mlangoni. Kila mwanamke mrefu aliyeingia alidhani ni Mwanakombo. Akiona watu wamekusanyika kwenye simu wanacheka, anajua tayari jibu la Mwanakombo limetoka. Wimbo wake ule wa asiyezaa aliacha kuuimba mwaka uleule, na watu wakadhani umechuja tu. Zaidi ya mara moja alivuka daraja aende Mtoni kuomba radhi, akifika Kurasini anageuza. Na msibani hakuja kwa sababu aliogopa macho ya watu, akaogopa zaidi kumwona Mwanakombo amelala na wao hawajasemezana.

"Angenitukana siku ile ningemtukana, tungemaliza," akasema. "Yeye akanitunza. Akaniweka na mtandio sawa. Nimekaa na mkono wake begani mpaka leo."

Rukaiya akamuuliza kuhusu Ibtisam. Mahfudha akasema tangazo letu lilipoanza Jumatatu alimwita binti yake chumbani akamwambia kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe. Ibtisam hakusema naye siku nzima. Jioni yake akamkorogea mama yake uji, akamletea kitandani. Wakwe bado hawajui. "Kwa wakwe sijui itakuwaje," akasema. "Lakini mie nataka kumsikia Mwanakombo ananiambia. Nimemsubiri sana."

Rukaiya ameniambia kwamba siku zote alikuwa akiiwaza saa hiyo, Mahfudha anamwomba, na katika mawazo yake ilikuwa tamu. Leo imefika na haikuwa na utamu wowote. Alimgeukia Tusajigwe akamuuliza kama wimbo unaweza kupita kwenye simu peke yake, usitoke hewani. Tusajigwe akasema inawezekana. Akakagua vitufe vyake mara mbili. Mie nikakagua baada yake, kwa sababu kitufe kimoja tu kikikosewa hapa tumemharibia binti wa watu maisha yake.

Basi, wakati nyie mnasikiliza kinanda, Mahfudha alikuwa anamsikiliza Mwanakombo.

Sisi tulitoka nje. Sikuusikia, na Tusajigwe hakuusikia. Tulimwona Rukaiya kupitia kioo, ameinama, paji la uso limegusa meza, simu iko karibu na kichwa chake. Wimbo ulikuwa mrefu. Niliogopa kwamba nimekubali jambo la kikatili, na sikuwa na uwezo tena wa kulizuia.

Tuliporudi, Mahfudha alikuwa analia, au anacheka, sikuweza kutofautisha. "Kaimba," alikuwa anasema. "Kaimba haswa. Kanisema na nimestahili." Kisha akashusha pumzi ndefu, tukaisikia wote watatu. Akamshukuru Rukaiya. Rukaiya akamwambia watu wa arobaini bado wapo Mtoni na pilau bado lipo, kwa hiyo aje. Mahfudha akauliza kama atapokewa. Rukaiya akamwambia hajui.

Flashi ameirudisha kwenye mkoba. Atakachoifanyia ni shauri lake. Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, nasema waziwazi ili ndugu yangu wa Tandika afungue duka: Jibu halitapigwa. Si leo, si siku nyingine, si kwenye redio hii. Lilikuwa la mtu mmoja, na limemfikia.

Wanaosema Mwanakombo alikosa la kujibu, nawaambia alikuwa nalo, na mwenye haki ya kulisikia amelisikia. Wanaosema alikuwa hapaniki, wamuulize Rukaiya awaonyeshe kidole. Alikuwa mwanamke aliyeumia akakataa kutupa sherehe ya maumivu yake. Tutaendelea kusema ki-Mwanakombo, nami nitasema. Ila ninawaomba, kila mmoja wetu amfikirie leo mtu aliyeamua kumnyamazia, ajiulize anaendeleaje huko aliko.

Kwako Rukaiya, kwa ukoo wote wa mzee Mwinjuma, kwa Kornelio na wanakikundi, kwa maharusi wote aliowapaka hina, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanakombo na amsamehe, na sisi atusamehe.

Na sasa hivi Tusajigwe amenipa simu nisome. Mahfudha ameandika kwamba wameshavuka daraja, wako Kurasini, na safari hii hawajageuza. Yuko na Ibtisam. Nyie wanawake mliobaki Mtoni, najua redio iko dirishani na najua mnanisikia. Mahfudha akifika mlangoni atasimama, kwa sababu anaogopa. Msimwache asimame hapo. Sogeeni, mmpe nafasi mkekani, yeye na mwanawe.