Daktari Aliyeyaona Macho kwa Simu

Ndani ya basi la Geita, Theopista alimsikiliza jirani yake wa kiti, msimamizi wa mgodi. "Mfanyakazi kaniletea cheti cha mapumziko cha daktari wa mtandaoni. Nimekikataa."

"Anaumwa nini, baba?"

"Macho mekundu. Daktari kayaona kwenye simu tu, mama."

"Na wewe uliyaona ana kwa ana, ukamrudisha kazini?"

Msimamizi akakohoa. "Cheti hakina muhuri wa hospitali."

"Binti yangu hutibu watu hivyohivyo. Ni daktari kamili, ana leseni. Vyeti vyake huwa na namba ya simu. Hicho ulicholetewa nacho kitakuwa nayo, piga umuulize daktari wake."

Basi likasimama. Msimamizi alishuka akiwa bado anadai muhuri. Theopista alibaki kitini, kifua mbele. Hata yeye alikuwa ameutilia shaka udaktari wa simu; ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mwanawe daktari mbele ya mtu asiyemjua, na neno lilimkaa vizuri mdomoni.